Gari ya kuvuta nyuma ya motahomu: angalieni giaboksi kwanza, jina la Toyota baadaye

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na Waswahili wenzangu tulioko huku Marekani na Kanada, hasa wazee wetu waliostaafu, na nyie mlioko nyumbani msiniache maana chini huko kuna sehemu inawahusu kabisa.

Wapo wenzetu sasa hivi wananunua motahomu, lile basi lenye kitanda, jiko na choo ndani, wanazunguka nalo kuona nchi. Jambo zuri sana. Sasa ukishalipaki kambini, umelichomeka umeme na maji, huwezi kulichomoa tena eti unaenda kununua maziwa, kwahiyo watu wanafunga gari ndogo nyuma na kuivuta ikiwa matairi yote manne yako chini yanazunguka. Na hapo ndipo watu wetu wanaumia, maana sisi ukituuliza gari imara ni ipi jibu tunalo tangu utotoni, ni Toyota. Mimi naendesha Toyota na sina neno nayo. Lakini Toyota karibu zote za otomatiki kitabu chake kinakataza wazi isivutwe matairi manne yakiwa chini, na haibriti zake ndio kabisa usijaribu.

Sababu yenyewe si ngumu. Giaboksi ya otomatiki ina pampu ya kusukuma oili, na pampu hiyo inazungushwa na injini. Gari ikivutwa injini imezimwa, pampu imelala, lakini matairi yanazunguka na yanazungusha vyuma vya ndani ya giaboksi kwa spidi ya haiwei, bila oili, masaa na masaa. Kuweka nyutro hakusaidii kitu hapo, nyutro haiamshi pampu. Inapata joto, inaungua, na wewe uko mbele kwenye basi hausikii chochote mpaka ufike kambini uwashe gari ikatae kuingia gia. CVT nyingi, yaani otomatiki za mkanda zisizo na gia za hatua, ni hivyohivyo. Tesla nayo inatakiwa ibebwe juu, matairi yote yasiguse chini.

Kwahiyo uimara unaoutafuta hapa si ule wa injini kufika maili laki tatu, ni je, hii gari imeruhusiwa kuvutwa hivi au haikuruhusiwa? Jeep Wrangler ndio inayoonekana zaidi nyuma ya motahomu na kuna sababu, ina transfa, yaani lile boksi la pili nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu kwa matairi ya mbele na nyuma, yenye nyutro yake. Ukiweka transfa kwenye N, giaboksi inakuwa imetenganishwa na matairi, hata lever ya gia yenyewe ya otomatiki unaiacha kwenye P na gari inavutika. Lakini msikimbilie kila Jeep, maana Grand Cherokee yenye transfa ya spidi mbili inaruhusiwa, ile ya spidi moja hairuhusiwi, na kwa nje ni gari ileile, kwahiyo ukiuziwa kwa jina tu umekwisha. Zamani watu walikuwa wanavuta sana Suzuki Sidekick na Geo Tracker, hiyo ndio Escudo yetu ya nyumbani, nyepesi na transfa yake ina N, ukipata iliyotunzwa usiidharau.

Mwenye hela ya kawaida mimi ningemwambia atafute Honda CR-V ya otomatiki, mwisho mwaka 2014. Giaboksi za Honda za wakati ule zilipangwa kwa shafti kama za manyuo, ndio maana zilivumilia. Mwaka 2015 wakaweka CVT na ruhusa ikaisha hapohapo, mwaka mmoja tu umebadilisha kila kitu! Na hata hiyo ya 2014 ina masharti: unawasha injini, unakanyaga breki unapitisha gia zote, unaweka D kidogo, unarudi N, unaiacha injini iungurume dakika 3 ndio unazima, na ukisafiri siku nzima unarudia kila masaa 8, na usizidi maili 65 kwa saa. Asiyeweza kufuata hayo kila asubuhi achukue Wrangler.

Alafu uzito. Motahomu nyingi za saizi ya kati hichi yake, yaani chuma cha nyuma cha kufungia gari inayovutwa, mwisho ni pauni 5,000, kama kilo 2,270, na Wrangler ya milango minne inacheza kwenye tani 2, kwahiyo soma kibandiko cha hichi na kile cha uzito wa jumla kabla hujanunua. Gari ya nyuma iwekewe breki yake inayofanya kazi pamoja na ya basi, majimbo mengi yanadai hivyo kisheria ukipita uzito fulani, na hata yasingedai, tani 2 zinakusukuma mlimani Colorado sio mchezo. Na usirudi rivasi ikiwa imefungwa, matairi ya mbele yatajikunja na utapinda chuma cha kuvutia, shuka ufungue kwanza.

Kinachoniuma ni wauzaji. Kuna mzee wetu aliambiwa na muuzaji "itavutika tu, weka nyutro", akaamini, akaharibu giaboksi safari ya kwanza na dhamana ikakataliwa kwasababu kitabu kilikataza. Pesa ya kustaafu ile jamani! Kitabu cha gari kipo bure kwenye tovuti ya kampuni, fungua cha mwaka uleule, injini ileile, giaboksi ileile, usome sehemu ya kuvutwa nyuma ya motahomu, kama imeandikwa hapana basi usibishane nayo.

Na nyie wa nyumbani, IST, Passo na Noah zetu hizo ni otomatiki, na kila siku zinavutwa kwa kamba barabarani kutoka zilipozimikia mpaka gereji, alafu giaboksi ikifa mwezi unaofuata tunasema oili feki. Kama ni mita mia za kuitoa barabarani sawa. Zaidi ya hapo ita brekidauni ya kubeba, au kama inavutwa na matairi ya mbele yanyanyuliwe hayo ya mbele, na kama ni foo wili ya muda wote ibebwe yote. Mhariri, ukiweza mpe fundi mmoja wa giaboksi ukurasa aeleze gari moja moja zinazouzwa sana Dar na Mombasa, itaokoa pesa za watu wengi.

Msomaji wenu,
Houston, Texas