OpenSSL: tusiishie kwenye namba ya mbele
Habari za jioni wanakikundi. Kabla mtu hajaiondoa OpenSSL (programu ya kusimba mawasiliano ya mtandao) inayokuja na mfumo endeshi wa Debian ajijengee yake, eti namba ya toleo lake inaonekana ya zamani, naomba tusikilizane. Kwenye namba ya toleo la kifurushi cha Debian, kilicho baada ya kistari ndicho cha kuangalia, maana huonyesha marekebisho ya Debian yenyewe. Mwaka 2014 Heartbleed, tundu la usalama ndani ya OpenSSL, ilizibwa kwenye toleo 1.0.1g, lakini Debian 7 ilibaki na 1.0.1e, kiraka kikaingizwa ndani yake: 1.0.1e-2+deb7u5. Aliyeishia kwenye ile “e” alidhani seva yake bado iko wazi.

Pia Debian huijenga kwa chaguo la no-ssl3, kwa hiyo SSLv3, itifaki ya zamani isiyo salama, inazimwa tangu wakati wa kuijenga. Ukijijengea, chaguo hizo na viraka vyote ni juu yako, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Endesheni `openssl version -a` na `openssl list -disabled`, mbandike majibu hapa kabla ya Ijumaa tafadhali.