Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ripoti za Kaunti na Tarehe Zake

Wanachama wenzangu,

Kazi kubwa ya chama mwaka huu ilikuwa kufuatilia ripoti za robo mwaka za matumizi ya fedha za serikali ya kaunti yetu. Zote nne zimetoka, na hakuna hata moja iliyotoka kwa wakati. Nitalizungumzia hilo kuliko yote, kwa sababu takwimu ikifika baada ya uamuzi kupitishwa, mwananchi hana la kufanya nayo.

Sheria yenyewe haina utata. Kifungu cha 166 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya Kenya ya 2012 kinampa afisa mhasibu wa kila idara siku 15 baada ya robo kuisha awe amewasilisha ripoti yake kwa Hazina ya Kaunti. Kabla ya mwezi kupita tangu robo iishe, Hazina inatakiwa iziunganishe, izipeleke Bunge la Kaunti, itume nakala kwa Msimamizi wa Bajeti, Hazina ya Kitaifa na Tume ya Ugavi wa Mapato, kisha izichapishe na kuzitangaza. Mara nyingi safari huishia bungeni. Nakala iliyofungiwa kwenye kabati la karani haijachapishwa.

Inayoumiza zaidi ikichelewa ni ripoti ya robo ya pili. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na hesabu za robo hiyo hufungwa Desemba 31, kwa hiyo mwisho wa Januari tunapaswa kuwa nayo mkononi. Waraka wa mkakati wa fedha, ule unaopanga kikomo cha kila idara, huwasilishwa bungeni kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ripoti ikitoka Mei, idara iliyoshindwa kutumia fedha zake za maendeleo itakuwa imeshatengewa nyingine, na vikao vya ushiriki wa umma vitakuwa vimepita watu wakichangia kwa kukisia.

Kikwazo kimoja kiko kwenye kuunganisha: idara moja ikikwama, zote zinangoja. Tumependekeza Hazina ichapishe zilizofika na iandike wazi ni idara gani haijaleta. Kikwazo kingine ni mgao kutoka serikali ya kitaifa, Nairobi. Ukichelewa, idara husita kutoa jedwali lenye sifuri. Sifuri nayo ni habari! Humwonyesha mkazi wa wadi kwamba zahanati yake imesimama kwa sababu fedha hazijafika kwenye kaunti, wala si kwa sababu mkandarasi ametoroka.

Sasa jedwali lenyewe. Lisome kwa safu nne: bajeti iliyoidhinishwa, fedha zilizotolewa, fedha zilizotumika, na asilimia. Asilimia ndiyo hupotosha. Chukua mfano wa mradi uliotengewa shilingi milioni 12, ukatumia milioni 4.5. Hiyo ni asilimia 37.5. Bajeti ya ziada, yaani ile inayorekebisha bajeti katikati ya mwaka, ikipunguza mgao hadi milioni 6, robo inayofuata mradi huohuo utaonyesha asilimia 75, na hakuna hata tofali moja lililoongezwa. Kwa hiyo kila mara weka bajeti ya awali kando ya ile iliyorekebishwa, na ikiwa ripoti haionyeshi zote mbili, iombe. Angalia pia kama takwimu ni za robo hiyo pekee au ni jumla tangu Julai 1. Kuchanganya hizo mbili ndilo kosa lililotupotezea muda mwingi kuliko yote.

Halafu kuna maneno kama “mradi umekamilika asilimia 80”. Asilimia 80 ya nini? Fedha zilizolipwa, au ukuta uliosimama? Ripoti inayofaa husema msingi umemalizika, ukuta umefika kwenye linta, paa bado. Isipotaja wadi na mahali mradi ulipo, hakuna awezaye kwenda kuuona. Madeni ya wakandarasi nayo yasipoorodheshwa, kaunti huonekana imetumia kidogo kumbe kazi imekwisha na watu wanadai.

Kuhusu umbo la faili: ripoti iliyopigwa picha na kuwekwa kama PDF haitafutiki wala haijumlishiki. Tunaomba lahajedwali (faili kama la Excel), kila mradi mstari wake.

Ripoti isipotoka, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na kuliwasilisha hakulipiwi. Gharama inayoruhusiwa ni ya nakala. Taja jina la ripoti, robo na mwaka wa fedha, maana ombi la “taarifa za bajeti” hurudishwa likitaka ufafanuzi. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wenye tarehe. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuongeza zisizozidi 14 kama habari ni nyingi. Ukinyimwa, una siku 30 tangu ulipoarifiwa uamuzi kuomba Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, aupitie. Bila muhuri huna pa kuanzia kuhesabu.

Mwaka ujao kila wadi iwe na wanachama wawili wa kazi hii. Robo ya kwanza inafungwa Septemba 30. Oktoba ikiisha bila ripoti kuchapishwa, barua zipelekwe Hazina siku ya kwanza ya kazi mwezi Novemba, na nakala zenye muhuri zimfikie katibu wiki hiyohiyo.