Wauzaji wa raba za springi, mwambieni mteja umri wa kiatu

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hizi raba za springi, zile ambazo kisigino kimesimama juu ya nguzo, maana fasheni yake imerudi kwa kasi na vijana wanapigwa hela zao.

Nazungumzia Nike Shox. Zilitoka mwaka 2000 ila wazo lake lilianza tangu 1984, na aliyelianzisha ni Bruce Kilgore, ndo huyohuyo aliyechora Air Force 1. Wapenzi wa basketi wanakumbuka Olimpiki ya Sydney, Vince Carter wa Marekani alivyomruka Frédéric Weis wa Ufaransa, jamaa wa mita 2.18, akadanki, na mguuni alikuwa na Shox. Kwa hiyo simshangai kijana wa leo akizitaka avae na jinzi yake, ni kiatu kikali kweli.

Sasa shida iko hapa. Tunaita springi lakini ndani hamna chuma, zile nguzo ni sponji ngumu ya poliyurethani, ukikanyaga inabonyea halafu inakurudisha juu. Adui wa sponji hii ni unyevu, unaivunja taratibu hata kama kiatu hakivaliwi kimekaa tu kwenye boksi, na joto kama letu hapa Dar linaharakisha. Unakuta kiatu cha 2005 kimeingia kwenye mtumba, juu kinang'aa, nembo haijachubuka, ila ukibonyeza nguzo kwa ukucha panabaki shimo na kidoleni unabaki na unga unaonata. Mteja anavaa siku mbili tatu anakuja kwangu kisigino kakishika mkononi, fundi nibandikie. Nitabandika nini jamani, gundi inashika vizuri tu lakini sponji yenyewe inamong'onyoka, inabanduka na kipande chake. Kushona ndo kabisa, sindano inapasua. Kinachobaki ni kung'oa soli nzima niweke nyingine ya kawaida, na hapo ile springi aliyoilipia haipo tena.

Wapo wauzaji wanaojua kabisa na bado wanapaka rangi nyeusi kuficha nyufa za nguzo. Huo ni wizi, acheni. Kwenye lebo ya ndani ya ulimi, karibu na saizi, mara nyingi kuna tarehe za kutengenezwa, mwonyesheni mteja aamue mwenyewe, na kama mnauza pambo la kuweka kabatini basi semeni ni pambo na bei iwe ya pambo. Na wewe mnunuzi bonyeza nguzo mojamoja, ikiwa ni ile TL yenye nguzo kuanzia kisigino mpaka vidoleni usiruke hata moja. Kampuni imezitoa upya miaka ya karibuni, ukikutana na toleo hilo kwenye mtumba na nguzo zikirudi vizuri, chukua bila wasiwasi.

Mhariri, ukurasa wenu wa biashara naomba mliandike hili kabla mizigo mingine haijafunguliwa.

Fundi viatu,
Tandika, Dar es Salaam