Mheshimiwa Diwani, kanda za watu zinalowa

Mheshimiwa Diwani,

Shikamoo. Nakuandikia hadharani kwa sababu ofisini kwako nimeshafika, barua nimeacha, na simu yangu hupokei tena.

Mgambo walipopita Majengo walibeba vitu vya kibanda changu: deki mbili za kuchezea kanda, CD, na boksi la kanda za video. Ulisimama mbele yetu ukasema vya watu vitarudi wiki hiyo hiyo. Sasa masika imeingia. Jana nimechungulia stoo mlikoviweka: bati linavuja, na lile boksi liko sakafuni, pembe moja imeshalowa.

Nahisi walidhani nachoma filamu za wasanii na kuziuza bila stempu. Stempu za kodi zilizoanza 2013 ni za filamu na muziki wa kuuza. Kama kuna CD yangu isiyo nayo, nipigeni faini, nitalipa. Lakini kanda zile si bidhaa. Ni harusi, ubatizo na kipaimara za watu. Wameziteremsha kutoka Kibosho na Marangu niwahamishie kwenye flashi, maana nyumbani deki zilishakufa. Kanda ya saa tatu huhamishwa kwa saa tatu, haina njia ya mkato. Na kabla ya hapo nafungua skrubu, nafuta ukungu mweupe ukingoni mwa mkanda kwa pamba, taratibu, usikatike. Picha imeshikwa na unga wa sumaku uliogundishwa juu ya plastiki. Unyevu ukikaa humo gundi inalegea, unga unabanduka, na picha inaondoka nao.

Kuna mama kila akishuka sokoni ananipitia. Kwenye kanda yake marehemu mumewe anakata ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, siku ya harusi ya binti yao, anaongea Kichaga, anacheka. Sauti ya mzee yule haipo mahali pengine popote. Nimwambie nini, Mheshimiwa? Kwamba Diwani ameahidi?

Na deki zikioza, mpya sitazipata. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyokuwa bado inazitengeneza, iliacha 2016. Zangu naziponya kwa vipuri vya deki mbovu.

CD bakini nazo. Kibanda nitajua mwenyewe. Naomba boksi la kanda litoke leo, kabla mvua haijanyesha tena. Kama hamtaki kunikabidhi mimi, waiteni wenyewe. Majina yao yameandikwa kwa kalamu ubavuni mwa kila kanda. Fungueni stoo, Mheshimiwa.

Fundi wa kanda,
Majengo, Moshi