Barua kwa mwanangu, kabla hujaenda mazoezini

Mwanangu mpenzi,

Jana usiku nilisimama mlangoni kwako, maneno yakanikwama. Ndiyo maana naandika. Wiki kadhaa sasa nakuona ukimsogezea mdogo wako mahamri yako, ukisema umeshiba, na hujatia kitu mdomoni. Tena ile pakiti ya pedi niliyokununulia kabla ya Ramadhani iko vilevile kabatini. Nimehesabu, mamangu. Miezi mitatu.

Najua huko kwenye jimnastiki yenu kuna anayewapandisha kwenye mizani na kusoma kilo zako kwa sauti, wenzako wakisikia. Nimekasirika naye, sikufichi. Najua pia kwenye arusi kule Kisauni shangazi zako walikushika mkono wakasema, "Mbona umekonda hivi?" Huku wanataka upungue, kule wanataka unenepe. Nami nikaongeza langu: ulipovaa lile vazi la mashindano nikakwambia kiuno kimetoka vizuri. Nilidhani nakusifu. Nisamehe.

Mwanamichezo akikosa siku zake, si kwamba amepata mwili wa jimnastiki, kama mnavyoambiana. Mwili umekosa chakula cha kutosha kwa kazi anayoupa, ukaanza kubana matumizi. Hedhi hukatika, mifupa hudhoofika hata ikapata nyufa, usingizi huruka, na moyo unakuwa mzito kwa jambo dogo tu. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa jina hali hii ya upungufu wa nishati kwa wanamichezo, ili madaktari na makocha wasiipuuze. Kinachonitia hofu zaidi ni mifupa, kwa sababu umri wako huu ndio wa kuijenga.

Simone Biles, yule bingwa wa jimnastiki wa Marekani, umembandika ukutani. Mwaka 2021 kwenye Olimpiki ya Tokyo alijitoa katikati ya fainali ya timu, dunia nzima ikimtazama, kwa kuwa akiwa hewani akili na mwili havikusikilizana. Mwaka 2024 Paris akachukua dhahabu tatu. Na Tokyo hiyohiyo, wasichana wa Ujerumani waliingia ukumbini na mavazi yaliyowafunika miguu hadi kwenye vifundo. Kanuni zinaruhusu. Ukitaka la namna hiyo, nitakushonea.

Sikwambii uache. Naiona furaha usoni mwako unapotua vizuri, sina haki ya kukunyang'anya hilo. Ila Jumatano nimeomba ruhusa kazini, twende kwa daktari. Kama kuna usiyotaka niyasikie, nitatoka nje mzungumze wawili. Kocha nitamwona mwenyewe, na kilo zako hazitasomwa tena mbele za watu.

Mahamri nimeyafunika kwa kitambaa, mbaazi zimo kwenye sufuria ndogo. Sitakaa kukutazama ukila.

Mamako