Vinyongo vya wazee WhatsApp: mkosaji mara nyingi ni simu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na watoto na wajukuu walionunulia wazee wao simu janja, na wazee wenyewe wanisikie. Simu zimeshafika. Wastaafu wa bandari, walimu, wauguzi, wanakwaya, waliosoma pamoja miaka ya 60, karibu kila rika sasa lina grupu lake. Lakini sisi tunaowashikia wazee simu zao hapa Tanga, tunacholetewa zaidi si kioo kilichopasuka, ni kinyongo. "Huyu amenikata." "Anasoma, hajibu." "Idi nzima hata mkono hakunipa." Ukiishika simu na kuikagua, mara nyingi hukuti aliyemkata mwenzake. Unakuta kitufe kilichobonyezwa bila kukusudia, au mpangilio ambao aliyenunua simu hakuugusa.

Tuanze na tiki, zile alama za vema chini ya ujumbe uliotuma, maana ndizo zinazogombanisha sana. Tiki moja ya kijivu ni kwamba ujumbe umetoka kwako lakini haujafika kwa mwenzako: simu imezimwa, bando limekwisha, au laini imebadilishwa. Tiki mbili za kijivu, umefika kwenye simu yake. Zikigeuka bluu, chati imefunguliwa. Nasema imefunguliwa, sisemi imesomwa, kwa kuwa mzee asiye na miwani machoni anaweza kuifungua chati akaona ukungu mtupu, na mjukuu anayechezea simu anaweza kuifungua bila mwenyewe kujua. Bluu inaweza kuzimwa katika mipangilio ya faragha, ila ukiizima hutaziona za wenzako pia, na ndani ya grupu hazizimiki. Kwa hiyo tiki moja ikikaa siku mbili, piga simu ya kawaida. Usiandike ujumbe wa pili wa kulalamika, nao utabaki na tiki moja vilevile.

Kosa linalofuata ndilo gumu kuligundua. Vidole vya uzeeni hukauka, na vya mkulima au fundi vina sugu. Kioo hakivisikii haraka, hivyo mzee anakandamiza kwa nguvu na kwa muda mrefu. Kwa simu, kukandamiza muda mrefu ni amri nyingine kabisa: chati haifunguki, inachaguliwa, na juu ya kioo vinajitokeza vitufe vya kufuta, kunyamazisha na kuweka kando. Kidole kikipapasa kile kisanduku chenye mshale wa kwenda chini, chati ya rafiki inatoweka kwenye orodha. Haijafutwa, imewekwa kando. Na tangu mwaka 2021, chati iliyowekwa kando hubaki hukohuko hata ujumbe mpya ukiingia, wala simu hailii. Rafiki anaandika miezi miwili, mwenzake hana habari, na kila mmoja anaamini amepuuzwa.

Dawa yake ni fupi. Panda juu kabisa ya orodha ya chati, tafuta mstari wenye alama ya kisanduku hichohicho, ufungue, kisha uirudishe chati. Halafu ingia kwenye mipangilio ya chati na uzime ule mpangilio wa kuziacha zilizowekwa kando zikae kando. Baada ya hapo toka WhatsApp, nenda kwenye mipangilio ya simu yenyewe, sehemu ya ufikivu (Accessibility), utafute muda wa kugusa na kushikilia, uuweke kuwa mrefu. Hilo la mwisho peke yake linaondoa nusu ya matatizo, na ni nadra kumkuta kijana aliyelifanya. Mzee naye afundishwe kugusa kwa nyama ya kidole, si ncha wala ukucha, na vidole vikiwa vikavu sana avipitishe kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo.

Herufi zikuzwe, lakini zisifikishwe mwisho kabisa. Zikifika mwisho, maneno kwenye vitufe hukatika na mzee anabonyeza kwa kubahatisha. Achia hatua moja kabla ya mwisho.

Salamu za sikukuu zina mtego wake. Wengi wanatumia ile orodha ya kutangazia, ambayo inapokea watu hadi 256, kila mtu akaupata ujumbe kama aliyeandikiwa peke yake. Ni nzuri, ila inamfikia yule tu aliyeisevu namba yako kwenye simu yake. Aliyebadilisha simu na majina yakapotea hatapata kitu, na kwako hutaona dalili yoyote ya kukushtua. Ndiyo chanzo cha mengi ya hayo ya "hakunipa mkono wa Idi". Kwa marafiki wa karibu, andika mmoja mmoja. Wangapi wamebaki hata iwe kazi kubwa?

Walio na rafiki au ndugu Dubai na Abu Dhabi wajue kwamba huko, kwa miaka mingi, simu za sauti na za video za WhatsApp zimekuwa zikizuiwa. Unapiga, inaita kwako, kwake haiunganiki, au inaunganika kimya. Ujumbe wa maandishi na wa sauti unapita bila shida. Kwa hiyo usimhesabie mtu wa huko simu asizopokea, mrekodie sauti.

Kwa wale wenye wenzao Muscat, London au kwingineko, tatizo ni saa. Grupu likikubaliana kuongea kwa video "saa kumi", aliyeko Uingereza miaka mingi anaisoma kama saa kumi ya kizungu, yaani saa nne yetu. Andikeni hivi: saa 10 jioni ya Tanzania, simu inaonyesha 16:00. Muscat itakuwa 17:00. London ni 13:00 wakati wao wa baridi na 14:00 wakati wa kiangazi, kwa sababu wao husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka na sisi hatusogezi. Simu ya video ya grupu inabeba watu 32, lakini kwa wazee sita wanatosha. Wakizidi hapo kila uso unakuwa mdogo kama stempu, na wawili wasiozima maikrofoni wanawafunika wengine.

Sasa sauti, ambayo kwangu ndiyo njia bora kupita zote kwa umri huu. Haihitaji miwani wala tahajia, na haili bando: dakika moja ya sauti haifiki MB 1, wakati video ya dakika moja inaweza kula MB 5, 10 na zaidi. Tatizo liko kwenye kidole gumba. Ukishikilia maikrofoni na kidole kikateleza kwenda kushoto, ulichosema kinafutika. Kikiachia mapema, kinatumwa nusu. Mwenye mkono unaotetemeka anapoteza ujumbe mara tatu, kisha anakata tamaa. Afundishwe kushika maikrofoni, kusukuma kidole juu mpaka kufuli lijifunge, kuachia, kuweka simu mezani na kuongea kwa raha zake. Akimaliza abonyeze mshale. Dakika moja au mbili zinatosha. Hotuba ya dakika tisa haimalizwi na mtu.

Kwenye kusikiliza kuna vituko viwili. Kwanza, ukiisogeza simu sikioni, au kidole kikifunika kile kidude cha hisia kilicho juu ya kioo karibu na spika ya sikio, kioo kinazima na sauti inahamia kwenye spika hiyo ndogo. Mzee anaamini simu imekufa. Kava au protekta isiyokaa sawasawa nayo hufanya hivyohivyo. Pili, pembeni ya ujumbe wa sauti kuna kitufe cha mwendo. Kikiguswa, mwenzako anaongea haraka kama mnadi wa soko la samaki. Kiguse tena na tena mpaka kirudi 1.

Ujumbe usioingia mpaka ufungue WhatsApp ni kosa la kubana betri. Simu nyingi za bei nafuu huzima programu zisizotumika ili chaji ikae. Nenda kwenye mipangilio ya betri, tafuta WhatsApp, iondolee kizuizi. Na simu ikikataa kabisa kuunganika ikidai tarehe si sahihi, weka tarehe ijipange yenyewe kutoka kwenye mtandao. Mara nyingi chaji iliisha ikalala kwa siku kadhaa.

Kujaa ni jambo jingine. Grupu moja lenye "asubuhi njema" za maua na njiwa linatosha kuijaza simu ya GB 32. Ikijaa, picha mpya hazifunguki na mzee anadhani wenzake wanamtumia picha mbovu. Zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe; picha atakayoitaka ataigusa. Kisha ingia kwenye usimamizi wa hifadhi ndani ya WhatsApp: pale utakuta zimetengwa zile zinazozidi MB 5 na zile zilizosambazwa mara nyingi. Anza na hizo za pili. Huko hukosi dawa ya sukari ya majani ya mti fulani na tangazo la pesa za bure za wastaafu. Alama ya mishale miwili ina maana ujumbe umeshapita mikono mitano au zaidi tangu ulipoandikwa. Wewe unayeutuma humjui aliyeuandika, na wenzako wanaamini umeuandika wewe.

Lililo zito kuliko yote ni laini. Mwaka 2019 usajili kwa alama za vidole ulipoanza, wazee wengi alama zao hazikusoma, zimefutika kwa jembe na sabuni. Ikawa rahisi laini isajiliwe kwa kitambulisho cha mjukuu. Leo mjukuu yuko Mwanza, laini imepotea, na anayeweza kuirudisha ni yeye tu. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako; kama namba ya mzee haimo, lifanyieni kazi sasa, akiwa bado na laini mkononi. Wakala ajaribu kidole kimoja kimoja, vyote kumi, vikiwa vimenawishwa na kupanguswa, asikate tamaa kwenye kidole cha pili.

Laini inayokaa bila kutumika kampuni huifunga na baadaye huiuza kwa mtu mwingine. Mzee mwenye laini mbili, anayepigia ya pili na kutumia Wi-Fi ya nyumbani kwa WhatsApp, yumo hatarini bila kujijua. Kila mwezi ile laini ya WhatsApp aiwekee vocha kidogo na kupiga nayo simu moja. Akiwa anabadilisha namba kwa hiari, atumie ile sehemu ya kubadili namba ndani ya akaunti kabla hajaitupa ya zamani. Magrupu yote yatamfuata, na marafiki wanaweza kuarifiwa papo hapo.

Wezi wa akaunti nao wanaingilia mlango wa urafiki. Unapata ujumbe kutoka kwa mwenzako wa siku nyingi: "Nimekosea, nimekutumia namba sita, nirudishie." Huyo mwenzako ameshaporwa akaunti, na hizo namba sita ndizo ufunguo wa yako. Usimpe mtu, hata akiwa pacha wako. Kinga ni kuweka uthibitisho wa hatua mbili katika sehemu ya akaunti, PIN ya tarakimu sita pamoja na barua pepe ya kuirudishia, na PIN iandikwe kwenye daftari la nyumbani. Ukishaporwa, isajili upya namba yako kwenye WhatsApp na uombe namba mpya za kuthibitisha. Ukiziingiza tu, mwizi anatolewa. Kama aliwahi kuweka PIN yake, utasubiri siku 7 ndipo uingie, lakini naye anakuwa nje. Siku hizo wote wapigiwe simu ya kawaida, maana mwizi huwa ameshaanza kuomba "laki mbili nimekwama". Ujumbe wa kitapeli unaoingia kwa SMS upelekwe 15040.

Kwa wenye magrupu, ushauri wangu wanaweza kuupinga. Grupu linaruhusu watu 1,024. La wazee lisizidi 20. Msiba na michango vitengewe grupu lake, ambalo viongozi pekee wanaandika, ili taarifa ya mazishi isizame chini ya maua. Taarifa yenyewe isiwekwe mpaka mmoja awe ameongea kwa simu na mtu wa nyumba hiyo. Iwe na jina kamili, mahali, siku, saa kwa Kiswahili, namba ya kupokea rambirambi na jina litakalotokea mtu anapotuma. Hilo la jina lisisahaulike, maana ndilo linalozuia pesa kwenda kwa mwingine.

Na kuna kazi moja ambayo kila grupu lingempa mtu mmoja aifanye kila Jumapili. Aandike salamu. Jumatano aishikilie salamu hiyo mpaka ichaguliwe, afungue taarifa zake, aone majina ya waliosoma na waliofikiwa. Asiyeonekana kokote, ujumbe haujamfikia kwa siku tatu. Huyo apigiwe. Asipopatikana apigiwe mtoto wake au jirani, ambao namba zao ziwe kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake. Mara nyingi jibu litakuwa bando au chaji. Safari nyingine litakuwa amelazwa hospitali ya Bombo tangu Jumatatu, na bado kuna muda wa kumpelekea uji.

Msomaji wako,
Tanga