Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na kumbukumbu za vikao mmeshazipata kwa katibu, kwa hiyo sitazirudia. Muda wangu nautumia kwa kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu: picha za ndege ya Richard Bong.

Kwa wanachama wapya, Bong alikuwa kijana wa Poplar, Wisconsin, aliyetungua ndege 40 za Japani katika vita vya Pasifiki. Hakuna rubani wa Marekani aliyemfikia hadi leo. Mapema mwaka 1944 alipewa ndege ya kivita aina ya Lockheed P-38J, namba 42-103993, na puani ikabandikwa picha kubwa ya mchumba wake, Marjorie Vattendahl. Ndiyo "Marge" tunayoijua. Tarehe 24 Machi 1944 ilianguka New Guinea ikiwa mikononi mwa rubani mwingine, Thomas Malone, ambaye aliruka kwa mwamvuli akapona. Mei 2024 Pacific Wrecks, kundi linalotafuta mabaki ya ndege za vita chini ya Justin Taylan, lilitangaza kuyapata mabaki yake msituni, mkoani Madang, Papua New Guinea. Kwenye mabaki hayo kulikuwa na tarakimu 993, chapa ya P-38 JK, na ncha ya bawa yenye rangi nyekundu iliyofifia.

Habari hiyo ndiyo iliyotufanya tuzitoe upya picha zetu. Tulianza na mkia. Jeshi la Marekani halikuandika namba nzima; tarakimu ya kwanza ya mwaka (hapa 42, yaani 1942) iliachwa, hivyo ndege hii mkiani ilisomeka 2103993. Anayetafuta "42" hapo hataiona kamwe.

Rangi ndiyo iliyozua mjadala mrefu, na nawashukuru waliobishana kwa hoja. Kuna filamu za zamani zisizoiona nyekundu: nyekundu hutoka karibu nyeusi, na hata njano hutoka ikiwa ya giza. Filamu nyingine huitoa nyekundu kijivu cha kawaida. Ndege ileile ikipigwa kwa filamu hizo mbili inaonekana kama ndege mbili. Kwa hiyo naomba tuache kuandika "nyeusi" chini ya picha kabla ya kuangalia kitu ambacho rangi yake tunaijua, kwa mfano bendera ya Japani, yenye duara jekundu, iliyochorwa puani kuhesabu ndege zilizotunguliwa. Duara lake likiwa jeusi, na ncha ya bawa pia, basi ncha hiyo inaweza kabisa kuwa nyekundu.

Bendera hizo hutusaidia pia kwa tarehe. Bong aliipita rekodi ya ndege 26 ya Eddie Rickenbacker, rubani wa Marekani wa Vita vya Kwanza vya Dunia, tarehe 12 Aprili 1944. Ikiwa bendera zilihesabu ushindi uliothibitishwa tu, picha yenye bendera zaidi ya 26 haiwezi kuwa ya 103993, kwa sababu ndege hiyo ilikuwa imeshaanguka wiki mbili na ushei kabla.

Kwa nakala zilizochapwa kinyume, tazameni shati la rubani. Shati la mwanamume hufungwa upande wa kushoto wa mvaaji ukiwa juu ya wa kulia. Ukiona vingine, geuza picha kwanza ndipo usome upande wa ndege.

Msimamo wangu ni huu: rubani kusimama mbele ya ndege si ushahidi kwamba aliirusha. Wapiga picha wa jeshi walimtaka shujaa na ndege yenye mvuto, na Marge yenyewe imeanguka Bong akiwa hayumo. Mkia usiposomeka, tuandike "haijathibitishwa", hata kama picha ni nzuri kiasi gani. Kamati imekubali, na naomba mkutano uipitishe kuwa kanuni.

Kuanzia sasa kila picha iskaniwe mbele na nyuma. Mihuri na maandishi ya penseli ya nyuma yametupa majibu ambayo sura ya ndege haikutupa. Watunza picha wawili wanamaliza muda wao. Majina ya wanaopendekezwa yamfikie katibu kabla ya kikao cha mchana.